Mgeni Kaunta ya Tatu

“Linda, una mgeni.”

Ghanim alisema bila kuinua macho. Mbele yake kwenye kaunta ya tatu palikuwa na mkate, kipande cha sabuni na makopo mawili ya bia. Mkate alishaupitisha kwenye mashine, sabuni pia. Makopo hakuyagusa. Linda wa kaunta ya nne alimpa mteja wake risiti, akatoka kwenye kiti chake, wakapishana katikati. Linda akaingia tatu, Ghanim akaingia nne na kuendelea na foleni ya Linda kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Mgeni ni pombe. Neno hilo walilipanga wenyewe, ili mteja asione haya na Ghanim asilazimike kulitamka lile lingine.

Mwenye bia alikuwa kijana wa bodaboda, koti lake la manjano la kung'aa limechanika begani.

“Kitambulisho,” Linda akamwambia.

“Linda, si wanijua wewe?”

“Nakujua kwa pikipiki. Kitambulisho.”

Kijana akatoa nyuma ya simu karatasi iliyokunjwa hadi ikalegea. Ilikuwa ile ya kusubiria kitambulisho, ambayo watu huiita weitingi.

“Hii ni ya mwaka juzi,” Linda akasema.

“Chenyewe hakijatoka. Nimeitwa kuhojiwa, naambiwa nimlete babu aseme mimi ni wa hapa. Babu yuko makaburini. Nimlete vipi?”

“Meneja anataka kadi, hataki babu.”

“Kwa hivyo mimi si mtu mzima?”

“Kwa serikali bado uko tumboni.”

Foleni ikacheka. Kijana mwenyewe akacheka, akachukua mkate na sabuni, makopo akayaacha pale pale. “Nyumbani nina mtoto wa miaka minne,” akasema akiondoka. “Yeye ana cheti cha kuzaliwa. Nitamtuma yeye.”

Ghanim alikuwa na miaka hamsini na mbili, na kabla ya kukalia kiti cha keshia alikuwa na duka lake. Lilikuwa duka la mchele na viungo, alilolianzisha babake hapo hapo Kisauni. Supamaketi ilipofunguliwa Mtopanga, wateja wakapungua, kodi ikapanda, mwisho akamrudishia mwenye nyumba ufunguo. Alipokuja kuomba kazi kwa watu waliommaliza, aliweka sharti moja tu: pombe hataishika. Alikwisha kumuuliza shehe wa msikiti wao. Shehe alimwambia auze cha halali, cha haramu asikitie mkono, na azidi kutafuta kazi nyingine. Kazi nyingine hakuiona.

Meneja, aliyeitwa Erastus, hakubisha. “Mzee, mimi sina neno,” alimwambia siku hiyo. “Bora laini isisimame.”

Kila keshia aliifungua mashine yake kwa nambari ya siri, na kila risiti ilitoka na jina lake. Kufunga na kufungua upya kulichukua muda, na mteja mwenye njaa hangoji. Kwa hivyo walipopishana hawakubadilisha nambari. Linda aliuza pombe kwa jina la Ghanim, na Ghanim akauza unga kwa jina la Linda. Erastus alipita hapo mara kwa mara, mikono nyuma, akayaona hayo, akanyamaza.

Linda naye alikuwa na lake. Alikuwa na mtoto mchanga aliyemwachia jirani huko Bombolulu, na maziwa yakijaa kifua kilimuuma hadi akashindwa kukaa. Hapo ndipo Ghanim alipomwambia, “Nenda mwanangu, mimi nipo,” akasimamia kaunta zote mbili, naye Linda akaingia stoo kujikamua kwenye chupa katikati ya magunia ya sukari. Hakuna sheria ya dukani iliyoruhusu hilo. Waliishi hivyo.

Asubuhi hiyo bei ya unga ilikuwa imebandikwa upya juu ya ile ya zamani, na mafuta ya kupikia nayo. Watu walifika kaunta ndipo wakajua. Mama mmoja aliyatazama maandishi ya mashine, akatoa mafuta kwenye kikapu, kisha sukari, kisha akabaki ameshika unga kama mtu anayeulizwa ni mtoto yupi ampendaye zaidi. Ghanim alimngojea. Hakumharakisha. Nyumbani kwake mwenyewe, mkewe Raihana alisomesha watoto wa mtaa Kurani barazani, na ada za chuo hicho pamoja na mshahara wa kaunta ndivyo vilivyonunua unga na dawa ya kisukari ya mkewe. Kimoja kikiondoka, kingine hakitoshi.

Adhuhuri ilipokaribia akaja mwanamke wa buibui na nikabu. Macho tu ndiyo yaliyoonekana, na hayo Ghanim hakuyatazama. Mwanamke aliweka pakiti ya biskuti. Kisha akatoa chini ya kwapa chupa ndogo bapa ya vodka, akailaza kando ya biskuti.

Ghanim aliona haya kwa niaba yake. Mtu aliyejisitiri hivyo, akabeba kitu kile mbele ya watu, ama ametumwa na mume asiye na huruma, ama ana shida isiyoulizwa. Ukiikuta aibu ya mwenzio unageuza uso, ndivyo alivyolelewa. Akageuza uso.

“Linda, una mgeni.”

Wakapishana. Ghanim akaingia nne, akaanza kupitisha unga, sabuni ya unga na nepi za mama aliyekuwa akingoja.

Kule tatu, Linda alimtazama mteja, akafungua mdomo, akaufunga. Miezi michache nyuma alimwambia mwanamke mwenye nikabu afunue uso ili aulinganishe na picha ya kitambulisho. Foleni nzima ilimjia juu. Erastus alimwita ofisini, akamwambia akirudia kuwatukana wateja wa hapa arudi kwao Vihiga. Hakutaka kurudia. Mashine ikauliza swali lake la kila siku: mteja ametimiza miaka kumi na minane? Linda akabonyeza Ndiyo, haraka, kama mtu anayeua mbu.

Mwanamke akatoka na mfuko wake. Ghanim alikuwa amesharudi kwenye kiti chake, anamhudumia mzee wa maziwa, alipoona wanaume wawili wakiingia kwa mlango wa kutokea. Mmoja alivaa koti la kazi na kadi shingoni, mwingine alishika funguo za gari. Nyuma yao alikuwa msichana, nikabu ameishika mkononi kama kitambaa cha jasho, nywele zake zimesukwa rasta za rangi nyekundu. Alikuwa akila biskuti.

“Ghanim ni nani hapa?” mwenye kadi akauliza, risiti mkononi.

“Ni mimi.”

“Mimi ni Kaviha, wa leseni za pombe. Funga mashine twende ofisini.”

Ofisi ya Erastus ilikuwa chumba kisicho na dirisha, kati ya friji za nyama na choo. Kaviha akaketi kwenye kiti cha Erastus, na Erastus mwenyewe akasimama.

“Huyu unamjua?” Kaviha akamwonyesha msichana.

Ghanim akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uso wa mtoto wa shule, chunusi kwenye paji. “Simjui.”

“Umemuuzia vodka sasa hivi. Ana miaka kumi na sita.”

“Mimi siuzi pombe.”

Kaviha akamgeukia Erastus. “Duka lako linauza pombe, keshia wako hauzi. Kwani inajiuza?”

“Muulize Erastus,” Ghanim akasema. “Yeye ajua. Wallahi, tangu niingie hapa sijaigusa.”

Erastus alikuwa akiichunguza kalenda ya ukutani.

“Risiti ina jina lako,” Kaviha akasema. “Ama una pacha?”

“Tulipishana.”

“Na nani?”

Ghanim akageukia mlango. Nje mashine zilikuwa zikilia pii, pii, na moja ya hizo ilikuwa ya Linda. Aliwaza chupa ya maziwa iliyofichwa nyuma ya magunia ya sukari. Aliwaza pia baraza la nyumba yake, viatu vidogo vimepangwa mlangoni, Raihana akiwasahihisha watoto aya kwa aya. Hao walikuwa watoto wa watu. Hakuna mzazi angempeleka mwanawe kusoma kwa mke wa mtu anayemuuzia mtoto pombe.

“Na Linda,” akasema. “Aliyeipitisha ni Linda.”

Akaitwa. Alikuja akijifuta mikono kwenye sketi ya sare, kifuani shati limelowa duara mbili. Kaviha akamwamuru Erastus atazame kwenye kompyuta kaunta ya nne iliuza nini wakati ule. Erastus akabonyeza, akasoma kwa sauti ya chini: unga, sabuni ya unga, nepi. Dakika ile ile.

“Ulikuwa unauza nepi?” Kaviha akamuuliza Linda.

Linda akaitazama kompyuta kwa muda. Njia ya kujinasua ilikuwa imefunguliwa mbele yake, na aliyemfungulia ni Ghanim mwenyewe, kwa kumshikia foleni.

“Si mashine imesema, bosi.”

“Linda,” Ghanim akasema. “Linda, mwanangu. Nitazame.”

Hakumtazama. “Mzee Ghanim, mimi nina mtoto.”

“Kila mtu ana mtoto,” Kaviha akasema. “Rudi kazini.”

Linda akatoka. Ghanim akasema kuna kamera juu ya kaunta, wafungue waone. Erastus akajibu kwamba kamera ile haijashika picha tangu mvua za mwezi wa tano. Taa yake inawaka tu kuwatisha wezi. Kisha akamwomba Kaviha dakika, akamshika Ghanim mkono, wakasimama nje kwenye ubaridi wa friji za nyama.

“Mzee, sikiza. Hii kitu tuimalize haraka,” Erastus akasema. “Nikisema huwa mnapishana, leseni imeenda. Kila bidhaa ni lazima iuzwe na mwenye nambari. Leseni ikienda, makao makuu wanafunga tawi. Sisi wote tuko barabarani, wewe, mimi na huyo Linda wako.”

“Lakini wewe ulikubali.”

“Kuna mahali niliandika? Ukikubali kosa, ni lako binafsi. Faini tunalipa sisi. Jioni uko kwa kiti chako. Ukikataa, kesi itaenda mwaka mzima, dhamana ujitafutie, na mimi sina keshia anaitwa Ghanim.”

“Wataka niseme nimefanya nisilolifanya?”

“Ni neno moja tu, mzee. Utaulizwa ni kweli ama si kweli. Unasema kweli, tunarudi.”

Walikwenda mahakamani Shanzu kwa gari la Kaviha. Msichana alikaa mbele. Walipofika kwenye msongamano wa magari akageuka nyuma.

“Shikamoo, babu. Pole. Mimi nimetumwa tu.”

“Marahaba. Ni nani aliyekuvisha nikabu, mjukuu wangu?”

“Anko huyu hapa. Alisema nikivaa hivyo hawataniuliza miaka.”

Kaviha akamwambia ageuke mbele, afunge mkanda. Chupa ya vodka ilikuwa miguuni pa msichana, ndani ya bahasha ya ushahidi. Sheria ilitungwa ili watoto wasifikiwe na pombe, na mtoto pekee aliyeshika pombe Mtopanga mchana ule alikuwa amepewa kazi hiyo na wenye sheria.

Mahakamani walikalishwa kwenye benchi pamoja na wapika chang'aa, wachuuzi wa ufuoni waliokamatwa mbele ya mahoteli, na mtu mmoja aliyepigana na shemeji yake. Aliyepigana aliwachekesha wenzake kwa kusema shemeji ndiye atakayemletea chakula rumande. Ghanim hakucheka. Kwenye viti vya wasikilizaji alikuwa amemwona Aqil, fundi wa friji, jirani yake, ambaye huswali naye safu moja. Aqil alikuja kwa kesi ya mpwa wake. Alimwona Ghanim, akainua mkono kumsalimia, akauona upande aliokalia, akaushusha.

Jina lake likaitwa. Karani akasoma mashtaka kwa Kiingereza, kisha akayarudia kwa Kiswahili, upesi, bila kupumua: kwamba tarehe ya leo, huko Mtopanga, ukiwa keshia, ulimuuzia pombe mtoto aliye chini ya umri wa miaka kumi na minane bila kuhakikisha umri wake.

“Ni kweli ama si kweli?”

Ghanim akageuka. Erastus alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Aqil alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

“Mzee, ni kweli ama si kweli?”

“Kweli,” akasema.

Haikusikika. Karani akamwambia arudie, aseme kwa sauti mahakama isikie. Akarudia, na safari hii ikasikika hadi viti vya nyuma.

Hakimu alimtazama juu ya miwani. Alisema amezingatia kwamba mshtakiwa hana kosa la awali na hakuipotezea mahakama wakati. Akasema pia kwamba mtu wa umri wake alitarajiwa kuwa mlinzi wa watoto. Akataja faini. Erastus akaenda kulipa, Ghanim akangoja kando ya ukuta. Aqil alipita mbele yake akitoka. Alimwambia “Asalaam aleikum,” jibu hakulingoja.

Wakiwa njiani kurudi, simu ikalia. Ilikuwa Raihana.

“Uko wapi, baba Shaza?”

“Nipo njiani. Narudi kazini.”

“Amekuja mke wa Aqil kumchukua mwanawe chuoni. Nikamuuliza mtoto ni mgonjwa? Akanambia nikuulize wewe.” Nyuma ya sauti yake watoto walikuwa wakisoma kwa pamoja. “Umeuza?”

“Sikuuza. Wallahi sikuuza, Raihana.”

“Alhamdulillahi. Basi ulipoulizwa huko ulisemaje?”

Ghanim akatazama nje. Wanawake walikuwa wakipanga mihogo ya kukaanga kando ya barabara.

“Nilisema kweli.”

Sauti za watoto zikaendelea kwa muda, kisha zikakatika.

Walipofika dukani ilikuwa jioni, foleni zimefika hadi rafu za mchele. Ghanim akaomba aende nyumbani. Erastus akasema zamu haijaisha na faini imeshalipwa. Kisha, pale pale mbele ya kaunta, akaongea kwa sauti ambayo makeshia wote wangeisikia.

“Mambo ya kupishana yameisha leo. Kila mtu na nambari yake, kila mtu na mteja wake. Kitu kikifika kwako, uza.”

“Erastus,” Ghanim akasema polepole. “Mimi na wewe tulikubaliana.”

“Tulikubaliana zamani. Leo mahakama imeandika kwamba wewe huuza pombe, na umekubali kwa mdomo wako. Mimi ni nani nibishane na mahakama?”

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma bei.

Ghanim akakaa. Akaingiza nambari yake. Akauza maharagwe, dawa ya meno, viberiti, madaftari. Linda alikuwa kaunta ya nne, macho kwenye mashine, kifua chake kimelowa tena, na hakuomba ruhusa ya kwenda stoo. Ghanim aliona. Ulimi ulitaka kumwambia nenda mwanangu, mimi nipo. Hakuruhusiwa tena kusema hivyo, na hakujua kama bado angetaka.

Kisha akaja mwanamume mwenye mvi, amevaa sare ya wapishi wa hoteli, uchovu umemjaa usoni. Aliweka nyanya, vitunguu na chupa ya mvinyo iliyotoka kwenye friji.

Linda akainuka nusu kwenye kiti. Erastus, aliyekuwa amesimama nyuma ya kaunta hizo, mikono nyuma, akasema “Linda,” neno hilo tu. Linda akakaa.

Nyanya zikapita. Vitunguu vikapita. Mpishi alikuwa tayari na kitambulisho chake.

“Angalia, mzee,” akasema. “Niko karibu kustaafu, lakini sheria ni sheria.”

“Ahsante,” Ghanim akasema. Alikitazama kitambulisho muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mtu huyo alizaliwa Taita, na alikuwa na haki zote za kunywa alichotaka. Nyuma yake foleni ikaanza kuguna. Mtu akauliza kama mashine imekufa.

Mkono wake wa kulia ukaenda kwenyewe, kama ulivyokwenda kwa kila kitu kwa miaka mingi. Chupa ilikuwa baridi na ilikuwa imelowa. Mashine ikauliza swali lake. Akabonyeza Ndiyo. Pii ilikuwa ile ile ya nyanya. Mpishi akalipa kwa simu, akamtakia usiku mwema, akaondoka.

Maji ya chupa yalibaki kiganjani. Ghanim alikifuta kwenye suruali, akakifuta tena, kisha akaushusha mkono huo chini ya kaunta na kuuacha huko.

Aliyefuata alikuwa mama wa makamo aliyejitanda leso, mwenyeji wa hapo hapo, na maziwa ya pakiti na mkate. Ghanim akavuta pakiti kwa mkono wa kushoto, akaipitisha kwa tabu. Mkate akaupitisha vivyo hivyo. Mama akatoa noti. Ghanim akatafuta chenji kwa vidole vya kushoto, akamnyooshea.

Mama hakuipokea. Alimtazama kama mtu aliyetukanwa na mtu asiyemtarajia.

“Mzee mzima wewe,” akasema. “Wanipa kwa kushoto?”

Erastus akasogea hatua moja. Ghanim hakuurudisha mkono, wala ule mwingine hakuutoa.

“Niwie radhi, mama,” akasema. “Pokea tu. Leo huu ndio ulio safi.”